Kufuli Lenye Jina Langu

Pampu namba mbili haijafa. Imechoka tu.
Nimeisikia tangu Alhamisi
ikisaga kitu kidogo kooni
kama mtu anayetafuna mchanga na hataki kusema.
Namba moja ingali inangoja shafti kutoka Kampala
tangu Pasaka.

Niliweka kiganja kwenye nyumba ya beringi:
moto, ila si wa kuunguza.
Nikasimamisha bisibisi, ncha kwenye chuma, mpini sikioni,
nikasikia ziwa likikwama.

Jumapili, saa kumi na moja alfajiri,
ukungu bado umelala juu ya Kivu,
nikashusha swichi kubwa,
nikapitisha kufuli, nikaning'iniza kibao:
KAVUGHO YUKO KAZINI. USIWASHE.
Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kitenge.
Kisha nikabonyeza kitufe cha kuwashia, makusudi,
nione kama mota itanidanganya.
Ikanyamaza.

Umeme wa Goma huondoka bila kuaga
na hurudi bila kupiga hodi.
Muulize Paluku aliyenifundisha kazi:
anahesabu spana kwa vidole saba,
akifika ya nane anatumia kidevu.

"Vali ya kuvuta, funga. Ya kusukuma, funga,"
nikamwambia Mumbere, kijana wa miezi mitatu kazini,
anayevaa glovu kama bwana harusi.
"Sasa fungua koki ya chini, usubiri.
Maji yaliyofungiwa yana hasira.
Usiguse nati mpaka yamalize kutema."
Yakatema. Yakapungua. Yakawa uzi,
yakawa matone,
yakaisha.

Ndipo akashuka shimoni kwenye chujio,
nami nikabaki na gilandi,
nikichomoa kamba kuukuu, nyeusi,
ngumu kama ulimi wa mbuzi uliokaushwa.
Kuna mtu aliikaza hadi ikaungua.
Hakutaka kuona hata tone sakafuni.
Hakujua: pampu isiyotoka jasho hujichoma yenyewe.

Simu. Simu tena.
Mabanga hawana maji. Majengo hawana.
Birere foleni ya madumu ya njano imepinda kona mbili,
na mwenye chukudu anauza dumu moja kwa bei ya matatu.

Mkuu wa kituo akaja na viatu vya kanisani,
mkononi koleo la kukatia chuma.
"Mama Kavugho, mji una kiu."
Najua. Wanangu wawili wako kwenye foleni hiyo hiyo.
"Kata," nikamwambia. "Ila kwanza chungulia shimoni,
umweleze mwenyewe."
Akachungulia.
Chini kule, taa ya kichwani ya Mumbere
ilikuwa ikienda huku na huku gizani,
naye anapiga mluzi, hana habari.

Mkuu akaliweka koleo juu ya meza.
Akakaa. Akalegeza tai.

Dakika ishirini na mbili, mji ukasubiri.

Mumbere akapanda na ndoo:
changarawe za lava, mifuko, majani ya ziwani,
na ndara moja ya mtoto, ya kushoto, buluu.
Tukahesabu. Spana tisa zilishuka, tisa zimepanda.
Vitambaa vinne. Mtu mmoja.
Nikafungua pindo.

Sasa inazunguka, na sauti yake imenyooka.
Maji yanapanda kuelekea upande wa volkano,
yakikohoa kwenye mabomba ya watu nisiowajua.
Nimelegeza gilandi robo mzunguko:
tone,
tone,
tone, kwenye mfereji mdogo wa saruji.

"Mbona bado inavuja?" mkuu anauliza, mkono mlangoni.
Mumbere, bila kugeuka:
"Inapumua."

Ndara tumeiosha, tumeiweka dirishani.
Mwenye mguu ule huenda ameshakua.