Swali la Kumi na Nne

Dodoso lilikuwa la kurasa tatu, limebanwa kwa pini yenye kutu.
Dakta Haifa aligawa mwenyewe, safu kwa safu:
"Majina hayaandikwi, kwa hiyo msinidanganye."
Nje ya dirisha Irbid ilikuwa ya manjano,
mizeituni imechanua, chavua imelala juu ya magari,
na darasa zima linapiga chafya.

Je, mitishamba huponya pumu?
Tukacheka kidogo, cheko la watu wa mwaka wa nne
wanaojua njia za hewa kwa majina yake yote,
jinsi misuli inavyojikaza kama ngumi
na ute ukaziba palipobaki.
Hapana, nikaandika. Hapana. Hapana.
Swali la tisa: Wewe mwenyewe umewahi kutumia?
Hapana, aliandika Tamador kando yangu,
Tamador ambaye sufuria yake ya zaatari
huamsha bweni zima saa kumi na moja alfajiri.

La kumi na nne lilinishika.
Taja mmea mmoja wa kifua,
na dawa ya hospitali usiopaswa kuchanganywa nayo.
Nilijua molekuli. Mmea sikuujua.
Nikaomba niirudishe karatasi kesho.

Duka la Abu Ghayth liko nyuma ya soko la viatu,
upana wake ni mikono miwili iliyonyooshwa.
Habasoda kwenye magunia, mizizi ya susi kama kamba kuukuu,
na kopo lililoandikwa kwa mkono: Kifua, Namba Nne.
"Ndani mna nini?" nikauliza, kwa sauti ya koti jeupe.
"Fumba macho."
Akasugua jani, akalileta puani. Nikasema zaatari.
Akaleta jingine. Nikasema zaatari.
"La kwanza maramia, la pili rihani.
Una mafua, binti, au una shahada?"

Akacheka, na cheko likakatika katikati.
Kifua kikaanza kupiga mluzi,
mabega yakapanda,
maneno yakatoka moja moja kama sarafu za bahili.
Kopo Namba Nne lilikuwa mkononi pake.
Hakuligusa.
Alivuta mtoto wa meza, akatoa kichupa cha buluu,
akabonyeza mara mbili mbele ya mdomo
kama mtu anayejipulizia manukato ya Ijumaa.
Ukungu wote ukaenda kwenye habasoda.

Mganga hajigangi, nilitaka kusema. Ulimi ukagoma.
Kurasa tatu, na hakuna swali lililotuuliza
kama tumewahi kumshika mtu mkono tukamwonyesha.
"Tikisa," nikasema. "Toa pumzi yote. Banisha midomo hapa.
Sasa bonyeza, vuta polepole. Zuia. Hesabu nami."
Tukahesabu kwa vidole mpaka kumi,
yeye ameketi juu ya gunia la babunaji,
mteja mlangoni amenyamaza na mikoba yake.
Tukapumzika, tukarudia.
Mluzi ukashuka, ukawa wa birika lililoepuliwa.

"Miaka sita," akasema,
"nimekuwa nikiyatibu magunia."

Kisha, bila kuulizwa, akaanza kunitajia anaowanyima susi:
wenye mimba, wenye presha,
wanaomeza vidonge vya kukojoza maji,
kwa sababu ya mwanamke mmoja, mwaka wa theluji,
aliyerudi dukani na miguu imevimba, moyo unaruka.
Hakujua neno potasiamu.
Aliikumbuka miguu.

Kwenye basi la chuo nikaandika Susi,
na pembeni yake dawa, kwa herufi ndogo.
Nikarudi swali la tisa, nikaikata Hapana kwa mstari mmoja:
ndiyo, mara nyingi, kwa mama, na asali.
Asubuhi Dakta Haifa akaipokea karatasi,
akaisogeza karibu na uso,
akainusa.