Konzi ya Jumamosi

Kila mwanamke wa kanisa letu, kabla hajabandika sufuria,
huchota konzi moja ya mchele
akaiweka kando, kwenye kopo la Bwana.
Konzi asubuhi, konzi jioni.
Jumamosi napita mimi kukusanya,
tenga mgongoni, ukanda wake kwenye kipaji cha uso,
nikipanda na kushuka vilima hivi vya Mizoramu
vinavyotazamana kama watu waliogombana.

Makopo nayajua kuliko nyuso.
La Hmingliani lina kutu, na hujaa hadi ukingo.
La mwenye duka la saruji hulia kama njuga.

Kopo la Rozami sikuligusa kwa mkono wangu.
Nilimtuma mtoto.
Miaka miwili, tangu nguruwe wake avunje ua
na kula haradali yangu yote mpaka mizizi,
naye akasema ua wangu ndio mbovu.
Kwaya tuliimba sauti ya pili, bega kwa bega,
tukageuziana visogo kwenye amina.

Kisha mvua ya Julai ikaushusha mlima.
Ikachukua jiko la Rozami, na ghala, na mumewe Chhuanvawra
aliyerudi kumfungua nguruwe.
Vijana walichimba siku mbili kumtoa,
siku ya tatu wakachimba tena kumzika.
Nyumba haikuachwa iwe kimya:
watu walilala sakafuni, wakiimba, wakikohoa, wakiua mbu.
Nami nilikuwepo. Karibu na mlango.

Wazee wakaamua mchele wa konzi uende kwake.
Nani atapeleka? Wote wakanitazama mimi na tenga langu.
Nilisema magoti yananiuma. Ni kweli, yananiuma.
Nikapeleka.
Juu ya mchele wa wote nilimwaga wangu,
ule mwekundu wa shamba la mteremkoni,
ambao hapa kijijini naulima peke yangu.
Gunia nikalitua kizingitini. Sikubisha hodi. Neno pole
lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Jumamosi iliyofuata nilikusudia kuipita nyumba ile;
aliyefiwa hadaiwi.
Lakini kopo lilikuwa nje, limefunikwa sahani
kuzuia kuku.
Nikafunua.
Konzi mbili kwa siku, siku saba,
hakupunguza hata moja,
na zote nyekundu.

Nilisimama na mchele wangu mwenyewe mkononi
nisijue ni nani kati yetu aliyepewa.
Mlango ukafunguka. Rozami, macho yamevimba,
akautazama mkono wangu, kisha mimi.
"Una mawe," akasema. "Mchele wako. Umenivunja jino."
Nikacheka. Mungu anisamehe, penye matanga nikacheka,
naye akacheka hadi akaketi chini,
hadi kicheko kikageuka kile kingine,
nikatua tenga, nikaketi naye.

Nguruwe akatupitia, mzima, mnene,
akielekea kwenye ua wangu
ambao, nakiri, ni mbovu.