Waya wa Mita Tatu

Hoza alinambia mapema, spana ikiwa mkononi:
"Dume na jike banda moja? Utafuga ndoa, hutafuga njiwa."
Nikacheka. Nilikuwa na njiwa wa kupinduka kumi na mmoja,
niliobadilishana kwa baiskeli ya Foniksi isiyo na breki ya nyuma,
na banda la milingoti ya mkonge juu ya paa la choo,
Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani.

Siku ya kwanza niliwarusha wote.
Wakapanda hadi wakawa punje za mtama,
nami shingo imepinda, mdomo wazi, nangoja.
Hawakupinduka.
Kaniki anamfukuza Bimdogo,
Sajenti anamfukuza Kaniki,
majike wawili wametua kwa muuza vitumbua
wakigombea kijiti cha kujengea,
na kundi lote limetawanyika
kama watu waliosikia pilau imekwisha.

Hoza hakusema neno. Alijaza tyubu upepo,
akaizamisha kwenye karai, akatazama mapovu.

Nikanunua waya. Mita tatu.
Madume upande wa reli, majike upande wa msikiti;
Jumamosi zamu ya hawa, Jumapili ya wale.
Na lo!
Madume sita hewani, bawa kwa bawa,
kisha mlio mmoja wa mbawa, pa!
na wote sita wamejitupa kinyumenyume,
wanazunguka hata jicho lisijue kichwa wala mkia,
halafu wanaishika tena hewa
kana kwamba hapakuwa na lolote.
Waendesha baiskeli walisimama. Mmoja alipiga kengele.

Mwanakheri, akianua kanga zake:
"Wazuri. Ila jioni hawali."
Kweli. Jioni walijipanga kwenye waya,
huku sita, huku watano, wakiguna.
Mguno ule ulipita mabati, ukapita chandarua.
Mke wangu kanipa mgongo:
"Miye ningekuwa jike hilo, ningeutafuna huo waya."

Nikaufungua usiku, bila kumwambia Hoza.

Yai lina uzito. Sikulijua hilo.
Bimdogo alikwisha taga moja, la pili lilikuwa tumboni
nilipomrusha na wenzake, kwa tamaa ya macho yangu tu.
Alipinduka mara moja, vizuri.
Mara ya pili, vizuri.
Ya tatu akawa anakuja,
anakuja,
anakuja,
hadi mabati ya duka la mkaa.
Sauti yenyewe ilikuwa ndogo.
Mtoto wa muuza mkaa alimleta kwa mikono miwili,
kama anayeleta chenji.

Njiwa hupokezana, kumbe:
dume hulalia tangu saa nne hadi saa kumi,
usiku ni wa jike.
Kaniki aliingia zamu yake. Saa kumi ikapita.
Akatoa shingo, akatazama paa, akarudi.
Magharibi. Isha.
Nilipanda na tochi: bado amelalia, manyoya yametuna,
jicho la rangi ya chungwa linanitazama
kama mtu aliyeachiwa duka na mwenye funguo hajarudi.

Asubuhi Hoza akaja, akaketi juu ya tairi.
Nilingoja aseme, "Si nilikwambia?"
Akauliza, "Na yai?"
"Lipo."
"Mpe jike la Sajenti. Ana mawili. Njiwa hahesabu."

Nililitoa likiwa la moto.
Kaniki alinipiga bawa mkononi, mara mbili,
kisha akakaa palepale, juu ya vijiti vitupu.

Waya nimeurudisha.
Una tundu moja, upana wa shingo:
Mwanakheri ndiye aliyelikata, kwa koleo la Hoza,
na wala hakuniuliza.
Jumamosi wanaruka madume watano.
Kaniki simrushi. Mlango wake u wazi,
mwenyewe hajatoka.