Kichaka cha Nne

Ngwale alinilipa kwa kichaka, buku tatu kila kisiki,
shamba la Isimani, Oktoba,
ardhi ngumu kama sakafu ya godauni;
jembe likigonga, linarudi na mlio.
Kimoja, viwili, vitatu viliondoka,
miiba ikinidai damu kwa kila shina.

Cha nne kilikuwa mkole mfupi, umri wake siujui.
Kondoo wamelala chini yake, ndege wamekunya,
majani yamedondoka mwaka juu ya mwaka
bila kumtangazia mtu.
Jembe likazama.
Halikulia.

Nikapiga magoti.
Udongo mweusi, wa baridi kama ndani ya mtungi,
na nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko za buibui,
zimeshona mzizi na chembe, chembe na mzizi.
Nikanusa: mvua.
Mvua ya mwezi gani, na mawingu yako wapi?

Hatua tatu pembeni, vumbi jekundu, halina harufu.

Editruda wangu, kidato cha pili, husema
vimo vijidudu visivyoonekana,
vinakula jani lililokufa, vinampikia aliye hai.
Nilikuwa nikimcheka.
Sasa nimeshika paa la nyumba yao mkononi
na wapangaji sijui niwapeleke wapi.

Nikaurudisha udongo kwa viganja.

Jioni Ngwale akahesabu mashimo.
"Na kile?"
"Kina nyigu."
Akanikata elfu tatu.

Nikashika njia kichwa wazi, kofia nimeipakata,
nzito, yenye unyevu,
mbegu saba za mahindi zikiisubiri nyumbani.