Saa Mbili Usiku, Szeged

Mwaka jana ilianguka saa mbili na dakika moja.
Watoto laki moja walibofya kama kidole kimoja
kutafuta alama zao, chuo chao, kesho yao,
na seva ikawakodolea ukurasa mweupe
kama mwalimu aliyesahau somo.

Mwaka huu zamu ni yangu.
Ghorofa ya tatu, feni inazungusha joto la Julai,
mto Tisza umelala nyuma ya tuta,
na Bulcsú ameleta supu ya samaki ndani ya chupa ya chai
akidhani tutakesha.

"Ongeza nyuzi," aliniambia wiki iliyopita.
Mia mbili, mia nane, elfu mbili.
Nikamwachia, maana asiyefunzwa na mamaye
hufunzwa na grafu.
Nyuzi elfu mbili za Java ziliamka, zikashikana mashati
mbele ya hifadhidata yenye viti arobaini.
Arobaini tu.
Zilizobaki zilikula kumbukumbu zikisubiri,
na prosesa ikashinda ikigawa zamu, kazi hakuna.
Kamba hukatikia pembamba,
nasi tulikuwa tukinenepesha kunene.

Basi nikapunguza.
Nyuzi mia moja na ishirini.
Foleni ya mia tatu nje ya mlango, asizidi mtu.
Asiyejibiwa ndani ya sekunde mbili aachie kiti.
Kumbukumbu gigabaiti nane, mwanzo hadi mwisho,
isivimbe na kunywea kama tumbo la mgonjwa.
Mzoa taka nilikaa naye, tukapatana:
usiisimamishe nyumba nzima ili ufagie,
fagia kidogo kidogo, watu wakiwa mezani.
Orodha za vyuo, ambazo hazibadiliki usiku huu,
nikazitoa mapema nikazipanga kibarazani
zichukuliwe bila hodi.

"Na wa mia nne ishirini na moja?" akauliza Bulcsú.
Huyo tunamwambia kweli: hakuna nafasi,
rudi baada ya sekunde kumi.
Mlango unaosema hapana mapema
una adabu kuliko ule unaosema karibu,
kisha ukakuacha ukumbini hadi alfajiri.

Saa mbili kamili.
Mstari ukapanda wima.
Milisekunde tisini. Mia na kumi. Mia na thelathini.
Ukasita hapo, ukalala.
Bulcsú alisahau kijiko mdomoni.

Ndipo simu yangu ikalia. Zselyke, mwanangu,
yuko Makó kwa mama yake.
"Baba, imenikataa."

Ningeweza. Ufunguo ulikuwa mkononi,
swali la mstari mmoja kwa hifadhidata,
kiti kimoja kati ya arobaini.
Nilitazama foleni: mia tatu, imejaa, watoto wa watu.

"Hesabu hadi kumi," nikasema, "kisha ubofye."

Alihesabu kwa sauti, kama zamani
alipokuwa akijifunza kufunga viatu.
Saba. Nane. Tisa.
Halafu kimya.

Kwenye skrini, ombi moja kati ya maelfu
lilipita kwa milisekunde mia moja na nne,
kijani, bila jina.
Nilijua lilikuja na uzi gani, lilikaa kiti gani,
lilibeba baiti ngapi likitoka.

Alichosoma sikukijua.
Nilishika simu sikioni,
nikasikia anavuta pumzi.