Nafasi Moja

Ghorofani, juu ya duka la vipuri, barabara ya kwenda Lamu,
feni inazunguka kama mtu aliyepoteza funguo.
Tumeketi kumi na wawili:
sisi wa shirika upande wa dirisha,
washirika upande wa mlango.
Hakuna aliyetupanga. Tumejipanga.

Mimi ni Nyevu, karani wa matangi, mwaka wa kumi na tisa huu.
Niamshe usiku wa manane, nitakutajia
tangi lipi linavuja na nani ana ufunguo wa bomba.
Lakini kipanya hiki, mtu mzima mimi,
kinanikimbia mezani kama kimeniona na fimbo.

Mwalimu ni Famau, kijana wa Faza,
ana subira ya mshona kofia.
“Taratibu, mama. Usikibane.
Kiwekee mkono kama wampapasa mtoto alolala.”

Tulianza na nenosiri.
Kahindi, dereva wetu, aliandika lake kiganjani;
kufika saa nne jasho lilikuwa limelisoma na kulifuta.
Tulimcheka sana.
Langu lilikuwa pindoni mwa leso, pamoja na nauli.

Kisha Famau akatuchanganya, wawili wawili, kompyuta moja.
Nikapewa Jumwa, mweka hazina wa kina mama wa Mulunguni.
Miaka saba anapokea na kutuma hela za chama kwa simu
yenye kioo kilichopasuka.
Vidole vyake havikuuliza njia.

“Sasa iambieni ipange majina. A mpaka Z.”
Akabonyeza.
Orodha yangu ya miaka yote ikakurupuka,
wanafunzi waliosikia kengele,
kila mmoja akakimbilia mstari wake.

Kwa Ndomo.
Kwandomo.

Juu na chini, bega kwa bega.
Lita elfu kumi, na elfu kumi.
Tarehe kumi na nne Machi, na tarehe kumi na nne Machi.
Mwenyekiti Mwarandu, na Mwarandu yule yule.
Daftarini walitengana kurasa nne,
hawajawahi kuonana.

Famau akainama, akakigusa kile kitufe kirefu kuliko vyote,
kisicho na herufi.
“Ni nafasi tu, mama. Huku umeiweka, huku hukuiweka.
Wewe wajua ni pamoja. Yeye hajui.”

Vijiji thelathini na viwili.
Nimeiandika namba hiyo kwenye ripoti,
nimeipeleka kwa mchora mabango,
nimeisema mbele ya wageni waliopiga makofi.
Thelathini na viwili.
Na mwaka juzi, kwa mkono huu,
niliwajibu watu wa Mulunguni barua yao:
*Tunasikitika, orodha imejaa.*
Nikagonga muhuri.

Jumwa hakunitazama.
Alisogeza kidole kwenye kioo, polepole,
kutoka jina la kwanza hadi la pili,
kama mtu anayepima kitambaa.
“Kumbe nafasi ilikuwepo.”

Umeme ukakatika hapo hapo.
Feni ikafa kwa mizunguko mitatu.
Gizani, skrini yetu peke yake iliendelea kutumulika usoni.
“Mumehifadhi?” akauliza Famau kutoka nyuma.
Hatukuwa tumehifadhi.
Jumwa akahifadhi.

Nikataka kuufuta mstari ule wa pili. Mkono tayari.
Akanishika kifundo.
“Usifute. Upake rangi. Atakayekuja aone.”
Tukaupaka njano, njano ya embe bovu,
rangi ya kwanza tuliyoipata.

Halafu nikashuka chini kabisa, kwenye kisanduku kitupu,
nikaanza kuandika kwa kidole kimoja:
M. U. L.
Yeye ananitajia, mimi natafuta.
Herufi zimetawanywa kibodini kama kuku wa jirani.
“Ni neno moja, mama Nyevu,” akasema.
“Usiweke nafasi katikati.”

Sikuweka.
Kwenye safu ya tangi, nikaandika: *bado*.