Koni Tano Ukutani, Bahi

Dirisha ni moja, kubwa kama daftari.
Nilisubiri macho yazoee giza la tembe,
kisha nikabandika koni: moja karibu na dari,
mbili usawa wa kifua, moja chini
pale mbuzi anapojikunia.
"Mbona unautundikia ukuta wangu matiti?"
Mama Chilongani alicheka, akipeta uwele,
nami, mtaalamu mwenye kitambulisho shingoni,
nikacheka pia.

Ndani ya kila koni nikapuliza kumi,
majike wa majaruba ya hapa hapa,
niliowalea tangu viluwiluwi kwenye beseni.
(Mrija una namna yake: pumzi
ya mtu anayepoza uji wa mtoto.)
Koni ya tano niliwatia wageni,
mbu wa maabara, kizazi juu ya kizazi
hawajaonja sumu.
Dakika thelathini.

Ukuta ulipuliziwa Desemba, kabla ya mvua.
Mama anakumbuka: kitanda nje, vyungu nje,
kuku nje, picha ya marehemu nje,
na wao juani saa mbili nzima
wakiitazama nyumba yao kama ya watu.
"Kunguni walikufa. Mbu, sijui.
Muulize huyu."
Na huyu, Mchiwa, miaka minne,
alikuwa amelala mchana, chini ya kanga,
akitetemeka.

Kesho yake, kwenye vikombe:
wageni wote chali.
Basi sumu ipo. Ukuta hauna kosa.
Wa Bahi walikuwa arobaini.
Kumi na saba wamelala.
Ishirini na watatu wako juu ya pamba ya sukari
wananyonya kama wenye nyumba.
Niligonga kikombe. Wakaruka.
Nikahesabu tena, kwa kidole,
kama anayehesabu noti asizoziamini.

Sikio la kufa halisikii dawa, tulifundishwa.
Haya ya kupona yameisikia vizuri,
msimu hadi msimu, yakaizoea.

Wapi? Nyuma ya mlango wa Mama, kwenye msumari,
bomba la mgongoni la Chilongani, la kupulizia mpunga.
Nilifungua mfuniko, nikanusa.
Ukoo ule ule wa dawa yetu, jina jingine.
Kwenye fomu hakuna safu ya msumari.

"Wamekufa?"
"Wengine."
"Wengine wepi?"
"Wa maabara."
Akaacha kupeta.
"Hao wa maabara, mwanangu,
wanamng'ata nani huku?"

Safu ya Maoni ina upana wa vidole viwili.
Niliandika: *ukuta mzima, dawa ibadilishwe,*
nikaishiwa nafasi.
Mchiwa tulimbeba kwa pikipiki hadi zahanati,
katikati yetu, moto kama jiwe la jikoni.
Nikiwa foleni nilimpiga mmoja shingoni.
Kiganjani damu, sijui ya nani.
Huyo sikumwingiza kwenye hesabu.